Amandina Lihamba na jukwaa ambalo Dodoma imelipokea nusu

Mwaka 2001 Tanzania ilipeleka filamu ya Maangamizi kwenye mchujo wa tuzo za Oscar, kundi la filamu za lugha za kigeni. Haikuingia kwenye orodha ya mwisho ya walioteuliwa. Mhusika anayeibeba filamu hiyo ni Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye hajatamka neno kwa miaka 20, na aliyemcheza ni Amandina Lihamba. Kwa mwigizaji wa Kiswahili hiyo ni kazi ngumu ajabu. Sanaa yetu inakaa mdomoni: tunapenda mhusika anayejibu mapigo, anayerusha mafumbo, anayelia kwa sauti. Lihamba alinyang'anywa vyote hivyo, akabaki na macho, shingo, viganja na namna ya kukaa. Ukimtazama kwa makini unaona hachezi kichaa. Anacheza mwanamke aliyekwisha kuwapima watu wote walio karibu naye akaona hakuna wa kumwambia.

Mwaka 1996, miaka mitano kabla ya hapo, Lihamba na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, walianzisha mradi wa Tuseme. Waliingia kwenye shule za sekondari na kuwafanya wasichana wayaseme mambo ambayo shule nzima iliyajua na hakuna aliyeyataja. Sijui msanii mwingine wa nchi hii ambaye kazi zake mbili zinatazamana namna hii, moja ya mwanamke aliyefunga kinywa na nyingine ya wasichana waliofunguliwa vyao.

Hapa Dodoma jina lake halitajwi sana. Tukizungumza wasanii wa kike tunazungumza tamthilia za jioni, nani kaachana na nani, nani kanunua gari gani. Wanaojaribu kuwa makini zaidi huhesabu filamu na tuzo. Kwa vipimo hivyo Lihamba atakupita tu, kwa kuwa filamu zake ni chache na hata hizo chache hazipatikani kirahisi. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya urithi wake iko mahali ambapo sura yake haionekani kabisa, yaani kwenye utaratibu aliousaidia kuujenga wa kumsimamisha mwanamke wa kawaida mbele ya watu wenye uamuzi juu ya maisha yake, aseme, na wao walazimike kujibu. Mkoa wetu unauhitaji utaratibu huo kuliko mikoa mingi. Na wanawake wa Ugogo walikuwa na jukwaa lao muda mrefu kabla chuo kikuu hakijawafikia. Vitu hivyo viwili vilipaswa kukutana hapa. Havijakutana.

Lihamba ni mzaliwa wa Morogoro, mwaka 1944, jirani zetu kabisa. Alikulia kitaaluma katika idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha hapohapo kwa miongo, akiigiza, akiongoza michezo na kuandika. Tamthilia yake ya Hawala ya Fedha (1980) aliitoa kwenye hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal, ya mtu anayeletewa pesa na kuzungushwa maofisini mpaka pesa yenyewe inamgeukia kuwa balaa. Msomaji yeyote aliyewahi kuambiwa njoo kesho kwenye dirisha la ofisi atajiona humo. Mwaka 1992 akatoa Mkutano wa Pili wa Ndege. Katikati yake kuna shahada ya uzamivu ya Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kuhusu siasa na sanaa za maonyesho baada ya Azimio la Arusha, na kuna Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya mwaka huohuo 1985 ambayo aliigiza. Baadaye alikuwa mmoja wa wahariri wa juzuu ya Afrika Mashariki ya Women Writing Africa (2007), kitabu kinene kilichokusanya maandishi na simulizi za wanawake wa kanda hii, nyingi zikiwa zimekaa kwenye makabati au kwenye vichwa vya vikongwe.

Katika orodha hiyo kuna kitabu kimoja ambacho watu wa Dodoma tunapaswa kukishika kwa mikono miwili: Harakati za Ukombozi, tamthilia ya mwaka 1982. Iliandikwa na wanawake watatu kwa pamoja, Lihamba, Penina Muhando (ndiye Mlama huyohuyo) na Ndyanao Balisidya. Balisidya ni binti wa Ugogo, mwandishi wa riwaya ya Shida (1975), ambayo mhusika wake mkuu, Chonya, anaondoka kijijini kwenda kutafuta maisha mjini na kukuta mji nao una shida zake. Fikiria wakati wenyewe. Simulizi ya ukombozi wa nchi ilikuwa ikisemwa na wanaume, kwenye majukwaa ya chama, kwenye vitabu vya shule, kwenye redio. Wanawake watatu wakakaa meza moja wakaandika historia hiyo upya kwa ajili ya jukwaa, na mmoja wao ametoka huku kwetu. Nimewauliza wanafunzi kadhaa wa Kiswahili hapa mjini kama wanamjua Balisidya. Wengi hawamjui. Inauma, kwa sababu mji huu una chuo kikuu kikubwa tangu 2007, una Bunge, na una kila sababu ya kuwa na barabara au walau ukumbi wenye jina lake.

Tuje kwenye utaratibu wenyewe. Haukuzaliwa 1996. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kwenda vijijini, Malya kule Kwimba, mkoani Mwanza, ikiwa kati ya vituo vya mwanzo, kufanya walichokiita sanaa za maonyesho jamii. Hawakwenda na igizo lililoandikwa tayari Dar es Salaam kuwafundisha wanakijiji kuchimba vyoo. Walikaa, wakasikiliza, wakauliza nini kinakisumbua kijiji, kisha wanakijiji wenyewe wakaigiza tatizo lao kwa ngoma zao na nyimbo zao, na baada ya onyesho watu wote wakabaki palepale kujadiliana. Msoga, mkoani Pwani, walikuta suala la mimba za wasichana. Mlama ameyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1991. Anayekisoma anaona jambo ambalo wafadhili wa leo hulisahau: igizo lilikuwa sehemu fupi tu ya kazi. Kazi kubwa ilikuwa kabla yake, kwenye kuchimbua tatizo, na baada yake, kwenye mjadala ambao mwenyekiti wa kijiji hakuweza kuukimbia kwa sababu alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Tuseme ilichukua mfumo huo na kuuingiza shuleni. Wasichana wanakaa kwenye warsha, wanataja wenyewe kinachowakwamisha: mwalimu anayewataka kimapenzi, kazi za nyumbani zinazomaliza jioni, mzazi anayepiga hesabu ya mahari, njia ndefu ya kwenda shule, kejeli za wavulana darasani. Wanachambua chanzo chake. Wanatunga igizo. Wanaliigiza mbele ya shule nzima, mkuu wa shule akiwemo, na mjadala unafunguliwa. Kisha wanaunda klabu ya kufuatilia yaliyokubaliwa. FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu ya wasichana, ambalo Mlama alikuja kuliongoza, lililipenda wazo hili na kulipeleka nchi nyingi za Afrika. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya sanaa ya Kitanzania iliyosafiri mbali kuliko filamu yoyote tuliyowahi kutengeneza, na haina hata bango moja lenye sura ya nyota wake.

Sasa niseme nilichokiona kwetu. Nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya sekondari moja ya mkoa huu. Turubai linapigwa na upepo, viti vya plastiki vimepangwa, mgeni rasmi amechelewa kama ada, na alipofika akatusalimia "Mbukwenyi!" tukaitikia kwa shangwe. Klabu ya Tuseme ikapewa dakika kumi. Msichana mmoja alitoka amevaa koti kubwa la kiume na kushika fimbo, akawa baba anayelalamika kwamba mahindi yameungua na jua na binti yupo tu anakula bure. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana koti lilikuwa linamfika magotini na sauti aliipata sawasawa. Kisha akaingia msichana wa pili na miwani na chaki, akamwita mwanafunzi wa kike na kumwambia ayapeleke madaftari nyumbani kwake jioni, na asije na mwenzake. Kicheko kikakatika. Akina mama waliokaa nyuma wakatazamana. Walimu wawili watatu wakaanza kuangalia simu. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akasema muda si rafiki, tuwapigie makofi wanetu, na sasa tupate ngonjera ya kumkaribisha mgeni rasmi. Wasichana wale wakainama kidogo wakaondoka, yule wa koti akilivua huku anatembea.

Kwa utaratibu wa Lihamba na Mlama, kimya kile cha akina mama kutazamana ndipo kazi ilipotakiwa kuanza. Pale ndipo mwezeshaji anasimama na kuuliza: hili mmeliona wapi? Nani mwingine amelijua? Tufanyeje? Mkuu wa shule anajibu mbele ya wazazi, na jibu linaandikwa. Tulichofanya sisi ni kuhifadhi jina na igizo, tukatupa mjadala. Klabu nyingi za Tuseme nilizoziona zimekuwa vikundi vya burudani vya kupamba sherehe, sawa na skauti na kwaya. Siwalaumu walimu walezi peke yao. Mwalimu mlezi ana vipindi vingi, hana posho, na akiruhusu mjadala wa kweli ataitwa ofisini yeye. Kuna watu wazima ambao usalama wao unategemea msichana asimalize sentensi yake, na watu hao mara nyingi ndio wanaopanga ratiba.

Na sentensi hizo, zikimalizwa, zina uzito. Kwa miaka mingi msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na mwaka 2017 ilitamkwa hadharani na mkuu wa nchi kwamba harudi. Novemba 2021 serikali ikaruhusu warudi. Toka Tuseme ianze mpaka ruhusa hiyo ni miaka 25. Wasichana walikuwa wakiyasema haya kwenye maigizo ya shule wakati wote huo. Mfano mwingine unatuhusu zaidi. Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Alishinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi wake. Mahakama Kuu ilikuwa imetoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka huo ukapita na mingine ikafuata, huku Bunge lenye kazi hiyo likikaa hapahapa, kwenye mji aliozaliwa mlalamikaji. Simtaji Gyumi kwa kuwa ni msanii. Ni mwanasheria. Namtaja kwa sababu alifanya mahakamani kile ambacho Tuseme inajaribu kufanya kwenye uwanja wa shule: alimweka mwenye mamlaka mahali ambapo hakuwa na ruhusa ya kubadilisha mada.

Kuhusu filamu za sasa nitasema kidogo tu. Enzi ya Bongo Movie ilituletea waigizaji wa kike wenye vipaji vikubwa wakichezeshwa nafasi tatu nne zilezile, mke anayelia, mchepuko, mama mkwe mkorofi, binti wa chuo anayepotea mjini. Tamthilia za televisheni zimepanua kidogo, na kuna mwanamke kama Leah Mwendamseke, Lamata, anayeongoza na kutayarisha kazi zinazotazamwa nchi nzima, jambo ambalo halikuwepo miaka 20 iliyopita kwa kiwango hiki. Namheshimu kwa hilo. Lakini hata tamthilia nzuri kiasi gani huwezi kuijibu. Inaisha saa tatu usiku, mama anazima televisheni, na aliyemkosea amekaa kiti cha jirani.

Ndiyo maana nageukia muheme.

Kwa wasomaji wa nje ya kanda: muheme ni ngoma ya Wagogo ambayo wapigaji wake ni wanawake. Sehemu nyingi za nchi yetu, pwani na bara, ngoma hupigwa na wanaume na wanawake hucheza. Ugogo ni kinyume. Mama anaibana ngoma kati ya mapaja, imeinamia mbele, kanga imefungwa imara, na anaipiga kwa viganja huku mwili wote ukifuata. Wanajipanga mstari, kiongozi anakata, wengine wanaitikia, mavumbi ya Chamwino yanapanda. Ukisimama karibu unasikia mdundo kifuani kabla ya masikioni. Wanaume wapo, wanaruka, wanaimba, lakini wenye kushika mwendo ni wanawake, na mwanamume hawezi kuingia na kubadilisha mwendo huo akitaka. Kwa upande mwingine, zeze la nyuzi na ilimba, marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, vilikuwa vya wanaume. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti ya zeze na ilimba duniani, wanawake wa ukoo wake wakiimba nyuma. Leo Pendo na Leah Zawose wa ukoo huohuo wamevishika vyombo hivyo wenyewe na kutoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024. Hatua kubwa. Ila tusisahau kwamba kwenye ngoma, mwanamke wa Kigogo hakusubiri karne hii.

Mtu anaweza kuniambia basi, wanawake wa Ugogo wako huru tangu zamani, unalialia nini? Hapo ndipo penye ugumu, na sitaki kupita juujuu. Muheme ilikuwa ngoma ya unyago. Ilipigwa wasichana walipotolewa, na kutolewa kwa maana ya zamani kulibeba pia kisu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilionyesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, mkoa wa pili baada ya Manyara, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Singida walikuwa 31. Jukwaa imara kabisa la wanawake wa kanda hii lilikaa uwanja mmoja na jeraha lao kubwa kabisa, na waliovisimamia vyote viwili walikuwa wanawake. Anayetetea wanawake bila kulitazama hilo anajidanganya.

Kisha ikaja sheria. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliharamisha kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Sheria nzuri, naiunga mkono kwa nguvu zote. Lakini angalia kilichotokea huku. Sehemu za Dodoma na Singida ukeketaji haukuisha, ulihama. Ulitoka kwa binti wa miaka kumi na kitu, anayetolewa kwa ngoma na pombe na wageni, ukaenda kwa mtoto mchanga, chumbani, mikononi mwa bibi, bila shangwe na bila shahidi. Sababu inayotolewa mara nyingi ni lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri ya watoto ambayo zahanati inatibu kwa dawa na usafi, lakini imani iliyoenea ni kwamba dawa yake ni kukata. Mtoto wa siku chache hawezi kuigiza. Hana klabu ya Tuseme. Atakapofika kidato cha kwanza na kuulizwa kwenye warsha nini kinamsumbua, hatajua hata kama alifanyiwa.

Hapa naona mpaka wa kazi ya Lihamba na Mlama kama tulivyoipokea. Iliwekwa shuleni, ikamlenga msichana, na kwa matatizo ya shule inafaa kabisa. Lakini kwa Dodoma anayepaswa kusimama jukwaani ni bibi. Ni mama mkwe. Ni mkunga wa jadi. Ni yule mama mwenye miaka 50 anayejua kilichofanyika kwenye chumba kile kwa sababu alishika taa. Huyu huwezi kumwingiza kwenye warsha ya shule ya sekondari na karatasi kubwa za ukutani. Huyu ana jukwaa lake tayari, analijua kuliko mwezeshaji yeyote wa Dar es Salaam, na analipiga kwa viganja vyake. Ukirudi Malya ya miaka ya themanini utakuta ndivyo walivyokuwa wakifanya: walianza na ngoma ya pale kijijini, kwa lugha ya pale, na wenyeji wakaamua tatizo ni lipi. Muheme ina kiongozi na waitikiaji, ina nafasi ya kutunga maneno mapya papo hapo, ina watu wanaozunguka na kusikiliza. Wakati wa kampeni tunasikia jinsi maneno hayo yanavyotungwa haraka kumsifu mgombea. Kwa nini uwezo huohuo usitungiwe lawalawa, kwa Kigogo, mbele ya mganga wa zahanati anayebaki baada ya ngoma kuonyesha dawa na kujibu maswali?

Sisemi ni rahisi. Mama anayeimba hadharani kwamba ukeketaji bado upo anakaribia kumtaja dada yake kwa polisi. Ndiyo kazi ya mwezeshaji aliyefundishwa vizuri kutenganisha kusema tatizo na kushtaki mtu, na ndiyo sababu nashangaa mafunzo ya sanaa za maonyesho jamii hayajawa sehemu ya kawaida ya kazi ya maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri zetu. Kondoa, Chemba, Bahi, Mpwapwa, Kongwa, Chamwino: kote kuna maafisa hao, kote kuna vikundi vya ngoma. Wanaishi jirani na hukutana siku ya mwenge.

Na wakikutana siku hiyo, angalia wanavyotendewa. Vikundi vya akina mama huitwa alfajiri, hukaa juani, hupiga wakati msafara unaingia, na hunyamazishwa mgeni rasmi anaposhika kipaza sauti. Mwisho wa siku mwenye spika na jenereta analipwa kwa risiti. Akina mama wanapewa soda na nauli, tena nauli ya kugawana. Nimelishuhudia hilo kwenye zaidi ya shughuli moja na sijasikia afisa hata mmoja akilionea haya. Tunazo asilimia nne za mapato ya ndani ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo ya wanawake, na karibu kila kikundi kinachoipata ni cha sabuni, kuku au alizeti. Kikundi cha muheme kinachoweza kulipwa kwa onyesho, kwenye harusi, kwenye hoteli za mjini zilizojaa wakati wa Bunge la bajeti, kwenye Nane Nane ya Nzuguni, hakifikiriwi kuwa na biashara. Mtu asiyelipwa huimba anachoambiwa aimbe.

Lihamba aliishi kwenye sanaa kama kazi. Alifundisha, akalipwa mshahara wa chuo, akapata muda wa kuandika, na kwa kuwa hakutegemea bahasha ya mgeni rasmi aliweza kwenda kwenye shule ambayo mkuu wake hakumtaka na kurudi wiki iliyofuata. Wanawake wa Chamwino wana kipaji, wana chombo na wana mengi ya kusema. Kitu cha kwanza wanachodai kutoka kwetu ni malipo yao, kwa risiti, kama mwenye spika. Cha pili ni nusu saa baada ya ngoma, mgeni rasmi akiwa bado amekaa kitini, na kipaza sauti kikiwa mkononi mwa mama aliyekuwa akipiga.